Kovu Lisilotulia: Habari za Pua na Mdomo katika Masasi na Newala

Waandishi walioandika juu ya mapambo ya mwili ya watu wa Kusini wametuachia habari nyingi za siku ya kutoga na kuchanja, lakini za miaka iliyofuata wametuachia kidogo sana. Twaambiwa jinsi msichana alivyoketishwa, nani alimshika kichwa, na jinsi alivyokatazwa kulia. Kisha kitabu hufungwa, kana kwamba uso ule ulikoma kubadilika jioni ile ile. Lakini uso ni kitu kilicho hai. Pua iliyotogwa mtu akiwa na umri wa miaka kumi yaweza kukaa naye miaka sitini tena, na katika miaka hiyo sitini tundu hupanuka, nyama hulegea, gegedu huchoka, meno hutoka, na kovu lililokuwa fahari ya ujana huwa kitu kingine kabisa. Makala hii yataka kuifuata habari hiyo iliyoachwa njiani: mambo gani huipata pua, pamoja na mdomo ulio chini yake, miaka mingi baada ya mkono wa binadamu kuingia humo kwa ajili ya kutafuta uzuri.

Nimechagua Masasi na Newala kwa sababu mbili. Ya kwanza, katika wilaya hizo mbili zilikutana kwa karibu desturi tatu ambazo mahali pengine huonekana mbalimbali: kipini cha puani, ndonya ya mdomo wa juu, na chale za usoni. Ya pili, nchi hii iliandikwa na kupigwa picha mapema, hata mtu wa leo aweza kulinganisha nyuso za wasichana, za wanawake wa makamo na za vikongwe waliokuwa hai zaidi ya miaka mia moja iliyopita.

Msomaji asiyefika kule na aikumbuke kwanza hali ya nchi. Newala imekaa juu, ukingoni mwa uwanda wa Makonde upande wa magharibi. Mtu akisimama penye ukingo huona bonde la Ruvuma limelala chini yake, na ng'ambo ya mto huona nchi ya Msumbiji. Masasi iko chini, katikati ya vilima vya mawe vilivyosimama peke yake peke yake. Juu ya uwanda walikaa Wamakonde. Huko Masasi Wamakua na Wayao walikaa kwa kuchanganyika. Na kutoka ng'ambo ya Ruvuma walikuja Wamakonde wa Msumbiji, ambao watu wa upande huu waliwaita Wamawia, wengi wao wakitafuta kazi katika mashamba ya mkonge ya Lindi na Mtwara. Kwa jumla kipini kilikuwa fahari ya wanawake wa Kiyao, ndonya ilikuwa ya Wamakonde na Wamakua, na chale nyingi za uso mzima zilikuwa alama ya Wamawia. Walakini mipaka hii haikuwa kuta. Watu waliooana na kunywa maji ya kisima kimoja huazimana mapambo pia, na mwandishi anayemwambia msomaji kwamba kila kabila lilikuwa na pambo lake na kwamba hapakuwa na jingine lolote, huyo ameandika kwa ajili ya wenye makabati ya makumbusho.

Neno kipini lastahili kutazamwa kidogo. Asili yake ni mpini, ule wa jembe au wa kisu. Kipini ni mpini mdogo, na kifaa chenyewe kwa kweli hufanana na mpini mdogo wenye kichwa, ambao kijiti chake hupita katika ubavu wa pua na kichwa chake hubaki nje kikionekana. Pwani pana majina mengine, kama hazama, ambayo ni pete ya puani, na kishaufu. Wingi wa majina haya katika Kiswahili waonyesha kwamba pambo hili lilipendwa sana pwani, na wengi hudhani ya kuwa liliingia pwani kutoka upande wa Bara Hindi, kisha likapanda bara kwa njia za biashara. Wayao, waliokuwa wasafiri wakubwa kati ya Nyasa na Kilwa, walikuwa na nafasi kuliko watu wote ya kulichukua. Wao hulitamka chipini.

Livingstone alishuka Mikindani katika mwaka 1866 akaenda bara kwa kufuata upande wa Ruvuma, akapita kando ya nchi ya Wamakonde. Alikuwa amekwisha kuliona pambo la mdomo katika safari yake iliyotangulia ya nchi za Zambezi na Shire, ambako huitwa pelele, na katika kitabu kilichotoka mwaka 1865 alisimulia jinsi alivyomwuliza jumbe mmoja sababu yake. Jumbe yule alistaajabu kuulizwa. Alijibu kwamba ni kwa ajili ya uzuri: wanaume wana ndevu, wanawake hawana, basi mwanamke asiye na ndevu wala pelele angekuwa kiumbe gani? Jibu hili lina nguvu kwa kuwa lilitolewa kabla hapajatokea mtu wa kumfundisha mwenyeji jibu la kumpendeza mgeni.

Naligusa jambo hili kwa makusudi, kwa sababu mpaka leo husimuliwa kwamba ndonya na chale zilibuniwa ili wanawake wachukize machoni pa wafanya biashara wa watumwa wasichukuliwe. Hadithi hii hupendwa na watalii, na hata baadhi ya wasomi wetu huirudia. Mimi siikubali. Watu wa Alaska, wa Brazili na wa kusini mwa Uhabeshi nao walivaa vigae na vijiti vya mdomoni, na huko hakuna aliyehitaji kuwatazamia mabwana wa Kilwa ili kueleza desturi yao. Tena vinyago vya mapiko, ambavyo Wamakonde huvichonga kwa ajili ya ngoma za unyago na jando, huonyesha uso wa mwanamke kijana wenye ndonya iliyokaa sawasawa na chale zilizobandikwa kwa nta. Ni uso wa mtu anayependeza. Hakuna mchongaji anayeuchonga ubaya kwa mapenzi ya namna ile.

Misheni ya UMCA ilianza Masasi katika mwaka 1876, wakati Askofu Edward Steere alipofika na watumwa waliokombolewa kutoka Unguja. Katika mwaka 1882 Wangoni, walioitwa Magwangwara, waliivamia Masasi, na Chauncy Maples akahamia Newala pamoja na watu wake. Mnamo Agosti 1905 vita vya Majimaji viliifikia Masasi, na misheni ikachomwa moto. Mwaka uliofuata, wakati majivu yalikuwa hayajapoa bado katika sehemu nyingi za Kusini, alifika Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho ya Leipzig, aliyetumwa na serikali ya Kijerumani kuchunguza mila za watu. Alitembea Masasi, Chingulungulu kwa Matola, Newala na Mahuta katika nusu ya pili ya mwaka 1906, akiwa na kamera, chombo cha kunasa sauti na chombo cha kupigia picha za sinema. Kitabu chake kilitoka kwa Kijerumani mwaka 1908, na kwa Kiingereza mwaka 1909 kwa tafsiri ya Alice Werner.

Kitabu cha Weule ni hazina, lakini ni hazina yenye kasoro ambayo mtafiti hana budi kuikumbuka. Wanawake aliowapiga picha walisimama mbele ya mtu wa serikali iliyokuwa imewapiga waume na ndugu zao mwaka uliotangulia. Haikosi wengine walisimama kwa hofu. Zaidi ya hayo, picha hushika siku moja tu. Yeye alimwona kikongwe na alimwona msichana, lakini hakumwona msichana yule akiwa kikongwe. Sisi twaweza kuzipanga picha zake kwa umri, kutoka kijiti chembamba cha binti mpaka kigae kipana cha bibi, tukapata kama ngazi ya maisha. Lakini ngazi hiyo tumeijenga sisi, na kila kipandio chake ni mtu mbalimbali. Ili kuzijaza nafasi zilizo kati ya kipandio na kipandio, yatupasa kumwita tabibu awe shahidi wa pili.

Na tuanze na pua. Sehemu ya juu ya pua imejengwa kwa mfupa, na sehemu ya kati na ya chini imejengwa kwa gegedu. Lakini ukingo wa chini wa ubavu wa pua, pale unapokunjika kuzunguka tundu la kuvutia pumzi, aghalabu hauna gegedu. Ni nyama, mafuta na nyuzi zilizofunikwa na ngozi ndani na nje. Mtogaji akitoboa mahali hapo, jeraha hupona upesi na hatari huwa ndogo. Akitoboa juu zaidi na kuigusa gegedu, maradhi huweza kuingia, na gegedu iliyooza hairudi tena, ikaacha ubavu wa pua umebonyea maisha yote. Jambo la kupona lina siri yake. Katika majuma ya kwanza ngozi ya nje hutambaa kuelekea ndani, na ile ya ndani kuelekea nje, mpaka zikutane katikati ya tundu. Zikisha kukutana, tundu hilo si jeraha tena, bali ni mlango. Ndiyo maana kipini kikitolewa siku chache baada ya kutoga, tundu huziba. Lakini kikitolewa baada ya miaka ishirini, tundu hupungua tu, halizibi, na mara nyingi hubaki kama kishimo kidogo chenye ukingo mgumu.

Kipini cha binti kilikuwa kidogo. Kwa kadiri mwanamke alivyoendelea katika umri na heshima ndivyo kichwa cha kipini kilivyoweza kukua, na uzito ukakua pamoja nacho. Nyama isiyo na gegedu haishindani na uzito wa miaka mingi. Husalimu amri polepole, bila maumivu. Ukingo wa pua upande ule huteremka, tundu la mviringo hugeuka kuwa refu, na katika baadhi ya watu daraja jembamba la nyama lililobaki chini yake hukatika, pua ikabaki na pengo ukingoni. Basi uso ambao ulikuwa na pande mbili zilizolingana huanza kulala upande. Wenyewe hawakuliona jambo hili kuwa ajali. Lilikuwa alama ya umri, kama mvi.

Ndonya ina habari ndefu zaidi. Mdomo wa juu ulitobolewa katikati, chini ya pua, na tundu likapanuliwa hatua kwa hatua: kwanza kijiti chembamba, baadaye kinene zaidi, mwisho kigae cha mti, mara nyingi cha mpingo, ambacho kilibadilishwa na kingine kipana zaidi kadiri miaka ilivyokwenda. Mtu asiyejua aweza kudhani kwamba ngozi ilivutwa tu kama mpira. Sivyo. Ngozi inayovutwa kwa upole na bila kukoma huota. Chembe zake huzaliana, na ngozi mpya hupatikana kweli kweli. Madaktari wa Marekani walianza kulitumia jambo hili katika mwaka 1957, wakati Charles Neumann alipotia kipira chini ya ngozi karibu na sikio na kukijaza kidogo kidogo ili apate ngozi ya kutengenezea sikio lililopotea. Na kazi hiyo haikuenea mpaka miaka ya 1970. Bibi wa Newala aliyekuwa akibadilisha vijiti vya mjukuu wake alikuwa ameijua kanuni yenyewe zamani, ijapokuwa aliitumia kwa haja nyingine.

Lakini ngozi si mdomo wote. Ndani ya midomo yetu mna msuli unaozunguka kinywa kama kamba ya mfuko, nao ndio unaofunga kinywa, unaozuia mate, na unaotuwezesha kutamka sauti za p, b na m. Msuli huu hauoti kama ngozi inavyoota. Tundu likipanuka, msuli husukumwa pembeni na kukonda, mpaka mdomo wa juu huwa kitanzi cha ngozi kilichozunguka kigae. Maadamu kigae kimo, kitanzi kimejaa na kina umbo. Kigae kikitoka, kitanzi huning'inia.

Tena pana meno. Ubao ule hugusa meno ya mbele ya juu mchana kutwa, kila mtu anaponena na kila anapotafuna. Ufizi hurudi nyuma, mizizi hubaki wazi, meno hulegea na kutoka. Meno yakitoka, mfupa uliokuwa ukiyashika hauna kazi tena, na mwili huuyeyusha. Hapa ndipo habari ya mdomo inapogeuka kuwa habari ya pua, na hapa ndipo, kwa maoni yangu, waandishi wetu walipopitwa na jambo kubwa. Pua haikusimama hewani. Chini yake imeegemea ncha ndogo ya mfupa wa taya ya juu, pale pale juu ya mizizi ya meno ya mbele. Taya ikipungua, nguzo ya pua hupungua, na ncha ya pua huinama. Jambo hili huwapata wazee wote duniani wasio na meno, hata wasiowahi kuiona ndonya. Ndiyo sababu pua ya mzee huonekana ndefu kuliko ilivyokuwa ujanani, ijapokuwa haikukua sana, bali imekosa mashikio. Kwa mwanamke aliyevaa kigae kizito mdomoni kwa miaka hamsini, mvuto wa kigae na upungufu wa taya huweza kushirikiana. Ukizitazama picha za vikongwe wa uwandani utaona pua iliyoshuka juu ya mdomo uliotangulia mbele, na utafahamu kwamba si umbo la kuzaliwa nalo. Ni kazi ya miaka.

Chale zilikwenda njia nyingine. Ngozi ilikatwa kwa kisu kidogo, mkaa ukasuguliwa ndani, na aghalabu mahali pale pale palikatwa tena na tena kwa vipindi mpaka kovu likanyanyuka. Jorge Dias na Margot Dias, waliowachunguza Wamakonde wa Msumbiji katika miaka ya mwisho ya 1950, waliziandika alama hizi kwa uangalifu mkubwa. Wenyewe huziita dinembo. Lugha yetu imezichezea ajabu alama hizi: nembo leo ni alama ya kampuni au ya taifa, na chanjo, iliyotokana na tendo lile lile la kuchanja, leo humpeleka mtoto hospitali kukingwa na surua. Katika ujana kovu la dinembo huwa limesimama, gumu, lenye kuwasha, hata mtu huliona kwa vidole. Baada ya miaka mingi kovu lililo la kawaida hulainika na kulala, na mkaa uliomo chini ya ngozi hubaki, kwa kuwa chembe za mwili huumeza bila kuweza kuuyeyusha. Chembe moja ikifa, nyingine huupokea. Mistari iliyokuwa mikali hutawanyika kidogo, rangi ikawa kama ya kibuluu. Lakini si makovu yote hulala. Mengine huendelea kukua nje ya mpaka wa jeraha lenyewe, nayo waganga huyaita keloidi. Wahenga walisema: mwenye kovu usidhani kapoa. Walikusudia moyo, lakini madaktari wa ngozi wangeweza kuikubali methali hii neno kwa neno.

Sasa na tuvuke bahari, maana haya yote yaweza kuonekana kuwa mambo ya watu wa zamani wa uwanda mmoja, nayo sivyo. Wakati Weule alipokuwa Newala akipiga picha midomo ya wanawake, katika mji mkuu wa serikali iliyomtuma alikuwako tabibu aliyekuwa akizikata pua za Wajerumani kwa ajili ya uzuri. Jina lake Jacques Joseph. Katika mwaka 1898 aliipunguza pua ya mtu mmoja aliyekuwa akiona haya kutoka nje kwa sababu ya ukubwa wake. Na kabla yake, mwaka 1887, John Orlando Roe wa Rochester katika Marekani alikuwa ameeleza jinsi ya kuitengeneza pua bila kuacha kovu la nje. Hapana mtu wa Leipzig aliyetumwa Berlin kuandika mila za watu wale.

Kutengeneza pua kwenyewe si jambo la Ulaya. Vitabu vya kale vya Bara Hindi vinavyohusishwa na jina la Sushruta vilikwisha kueleza jinsi ya kuirudisha pua iliyokatwa, kwa kuwa kukatwa pua kulikuwa adhabu. Katika mwaka 1794 gazeti moja la London lilichapisha habari ya Cowasjee, mwendesha ng'ombe wa jeshi la Waingereza aliyekatwa pua na watu wa Tipu Sultani, naye akatengenezewa nyingine kwa ngozi ya kipaji cha uso. Joseph Carpue aliisoma habari hiyo, akafanya kazi kama ile London mwaka 1814, na kuiandikia kitabu mwaka 1816. Watu walishangilia. Lakini miaka ilipopita ilionekana kwamba pua nyingi za namna hiyo husinyaa. Sababu ilikuwa nyepesi: ngozi ya nje ilipatikana, lakini upande wa ndani haukuwa na ngozi yake, jeraha la ndani lilijiponya kwa kujivuta, na pua ikawa kidonge. Waganga wa karne ya kumi na tisa walichukua muda kujifunza kwamba pua ni chumba, na chumba hakijengwi kwa ukuta wa nje peke yake. Ni kanuni ile ile ya kipini: ngozi ya nje isipokutana na ngozi ya ndani, jeraha halijatulia.

Waliotengeneza pua kwa ajili ya uzuri nao walikutana na deni la miaka. Katika Vienna, Robert Gersuny alianza mwaka 1899 kupiga watu sindano ya nta ya parafini ili kujaza mabonde ya mwili, na mara pua zilizobonyea zikanyanyuliwa kwa njia hiyo. Mwezi wa kwanza pua ilipendeza. Baadaye nta ilihama, ikafanya vinundu, na ngozi juu yake ikawa nyekundu na ngumu. Gladys Deacon, mrembo wa Marekani ambaye baadaye alikuwa mke wa mtawala wa Marlborough, aliitia nta puani mwanzoni mwa karne iliyopita, naye alizeeka na uso ambao nta yake ilikuwa imeteremka mpaka kidevuni. Pwani husema, uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi.

Kwa wale waliokatwa gegedu, hesabu ilichelewa zaidi. Uvimbe wa kazi hiyo huchukua mwaka mzima au zaidi kumalizika, na hata leo tabibu mwangalifu hakubali kuirudia pua kabla ya mwaka kupita. Kisha ngozi hujikunja polepole juu ya kiunzi kilichobaki. Kiunzi kikiwa kimepunguzwa mno, pua iliyoonekana nyembamba na nzuri katika mwaka wa pili, katika mwaka wa kumi na tano huwa imebanwa pande zote. Mwenyewe akivuta pumzi kwa nguvu, kuta za pua hufungana. Ikiwa mgongo wa pua uliondolewa kupita kiasi, katikati hubonyea kama tandiko la farasi. Na ncha ikikosa nguzo, hushuka na sehemu ya juu yake ikabaki imevimba, kama mdomo wa kasuku. Katika mwaka 1978 Jack Sheen alichapisha kitabu kilichowafundisha wenzake kuongeza gegedu mahali walipozoea kupunguza; na sehemu kubwa ya elimu yake aliipata kwa kuzitazama pua zilizoharibika miaka mingi baada ya kusifiwa.

Tofauti kati ya Newala na Berlin ni moja, nayo ni kubwa. Mzee wa Berlin alitazamiwa abaki na pua ile ile ya siku alipofunguliwa bandeji. Kila badiliko lilihesabiwa kuwa hasara. Bibi wa Newala hakutazamiwa hivyo. Kigae chake kilibadilishwa kwa kuwa yeye mwenyewe alibadilika, na upana wake ulimtangaza kuwa amevuka miaka na amezaa. Desturi yenyewe ilikuwa imeuweka wakati ndani yake. Naogopa kuisifu kupita kiasi, kwa maana meno yale yalitoka kweli, na mtoto aliyetobolewa hakuulizwa. Lakini haki ya historia ni kusema kwamba watu hawa walijua kuwa uso utakwenda mbele, nao waliandaa mapambo ya kwenda nao.

Hasara kubwa haikuletwa na ndonya bali na kukoma kwake. Desturi ilipodhoofika katika karne ya ishirini, kwa shule, kwa misheni na misikiti, kwa safari za mkonge na mijini, na huko Msumbiji kwa sababu FRELIMO, chama kilichopigana vita tangu 1964, hakikuzipenda alama za kuwatenga watu kwa kabila, wasichana waliacha kutobolewa, na kwao jambo likaisha. Lakini mama zao walikuwa katikati ya njia. Mwanamke wa miaka arobaini aliyeitoa ndonya yake ili asichekwe sokoni alibaki na kitanzi cha ngozi kisichoweza kurudi, kinywa kinachovuja uji, na maneno yasiyotamkika vizuri. Tundu la namna hiyo, lililokwisha kupata ngozi pande zote, halizibi hata likingojewa miaka thelathini. Hufungwa kwa kisu: kingo zake hukatwa upya ili liwe jeraha tena, ngozi ya ziada huondolewa, ncha mbili za msuli hutafutwa na kuunganishwa, ndipo ngozi ishonwe juu yake. Msuli usipounganishwa, mdomo hufungika kwa macho tu, lakini haufanyi kazi. Aliyeibakiza ndonya yake mpaka kufa alichekwa na wapita njia. Aliyeitoa aliteseka mezani.

Leo mtu akifika Newala aweza kukaa siku nyingi asione ndonya katika uso wa mtu aliye hai. Kipini chenyewe kimerudi, lakini kwa mlango mwingine: ni kidogo kama punje ya mtama, kimetoka dukani, na binti anayekivaa haoni kwamba ana uhusiano na bibi wa Kiyao katika picha za 1906. Kwa wachongaji wa Mwenge, Dar es Salaam, ndonya ingali inachongwa kwa mpingo, mti ule ule iliochongwa zamani. Uso wanaouchonga karibu kila mara ni wa mwanamke kijana, pua imesimama, mashavu yamejaa, kigae kimekaa wima. Uso wa bibi yake, wenye pua iliyoinama na mdomo uliokwisha meno nyuma ya kigae, mtu huutafuta katika kitabu cha Weule.